Kadi Ambayo Hakuna Aliyesema Anaitumia

King'ora cha Mwabusolo kilikufa wiki tatu kabla ya mtu yeyote kujua kwamba kimekufa, na aliyekiua ni Yotamu. Hakukivunja. Aliiwekea kompyuta ya king'ora hicho mfumo mpya, akanawa mikono, akala jogoo aliyechinjiwa kwa heshima yake, akapanda pikipiki akarudi Mbeya.

Alikuja kugundua Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, saa tatu na nusu asubuhi, akiwa Iringa, pale Ipogolo, kwenye mashine ya kusaga ya mama mmoja aitwaye Faustina. Faustina alikuwa na mzani wa kupimia magunia uliounganishwa na kompyuta nzee, nzito kama jiwe la kusagia. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na kadi pana ya kizamani yenye matundu manne, na waya wa mzani ulichomekwa kwenye tundu la kwanza. Kadi za namna hiyo hazitengenezwi tena. Yotamu alizipata tano kwenye mnada wa vyuma chakavu Mafinga, na kadi hizo tano zilikuwa zimemlisha miaka sita.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na tisa, wa darasa la saba la Rungwe. Alianza na redio, akaja televisheni, kisha kompyuta, na kila alichokijua alikijua kwa kukiharibu kwanza. Kibandani kwake Mwanjelwa watu walimletea kompyuta ambazo wengine walishazitupa. Alizifuta vumbi, akaziwekea Linux, kwa sababu hailipiwi na haidharau mashine. "Huu mfumo haukuulizi kompyuta yako ni ya mwaka gani," ndivyo alivyozoea kuwaambia wateja. Hayo ndiyo yalikuwa mahubiri yake.

"Namba haziji, fundi," alisema Faustina. Gunia lilikuwa juu ya mzani, na kioo cha kompyuta kilikuwa kitupu.

"Subiri, mama. Mashine za umri wetu huamka polepole."

"Umri wako. Mimi usinihesabie humo."

Yotamu alitikisa waya. Akaichomoa kadi, akaisugua meno yake kwa ufutio wa shule, akairudisha. Kitupu. Akachomeka flashi yenye mfumo wa zamani, ule wa mwaka juzi, akaiwasha kompyuta upya. Themanini na mbili, kikasema kioo. Themanini na mbili. Akarudisha mfumo mpya, ule aliokuja nao leo. Kitupu.

Basi kadi ilikuwa nzima, na waya ulikuwa mzima. Akatoa simu, akafungua orodha ya mambo ambayo watengenezaji wa mfumo walikuwa wameyaondoa katika toleo jipya. Orodha ilikuwa ndefu. Aliteremka nayo kwa kidole gumba mpaka akaliona jina la kadi yake, na mbele ya jina hilo sentensi moja ya Kiingereza ambayo hata yeye aliielewa bila kamusi: hakuna aliyejitokeza kusema anaitumia.

Hapo ndipo alipokaa chini sakafuni.

Alikumbuka. Mwaka uliopita, mwezi wa tisa, barua ilikuja kwenye lile kundi la barua pepe la watengenezaji. Hao ni watu wa kujitolea, wametawanyika dunia nzima, kila mmoja anatunza kipande chake cha mfumo bila mshahara. Aliyekuwa akitunza kipande cha kadi ile alikuwa ameacha. Mwingine akaandika kwa adabu kabisa: kipande hiki kimezeeka, kinatusumbua, na sisi wenyewe hatuna kadi ya kukijaribia. Je, yupo mtu bado anaitumia? Kama yupo, aseme kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi na moja.

Yotamu aliisoma akinywa chai. Kadi tano zilikuwa zikifanya kazi kwa jina lake siku hiyo. Akaandika mistari miwili ya Kiingereza, akaisoma, akaona aibu, akaifuta. Miaka ya nyuma aliwahi kuuliza swali kwenye kundi hilohilo. Mtu mmoja akamsahihisha Kiingereza chake mbele ya wote, na mwingine akabandika uso unaocheka. Jambo dogo, lakini halikumtoka. Dunia ni kubwa, alijiambia, wenye vyeti watajibu. Akamalizia chai yake.

Wenye vyeti hawakuwa na kadi ile.

"Fundi, mbona umekaa chini?" Faustina aliuliza. "Unaumwa?"

"Mama, mzani wako nimekurudishia mfumo wa zamani. Utafanya kazi. Mimi lazima niende Usangu, sasa hivi."

"Usangu kuna nini?"

Yotamu alikuwa tayari amempigia simu mwenyekiti wa kitongoji cha Mwabusolo, na sauti ya mwanamke ilikuwa ikimwambia kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa.

Mwabusolo ni kitongoji cha Wasukuma waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao, chini kabisa, mahali ambapo ardhi ni bapa kama meza na mto ukifurika hauna ukingo wa kuuzuia. Zamani walikuwa na zamu ya nguzo. Palikuwa na nguzo ya mti kwenye kivuko, imekatwa alama kwa shoka, na kila masika kila kaya ilitoa mtu mzima wa kukaa hapo kutwa kuangalia maji yamefika alama ya ngapi. Msimamizi wa zamu alikuwa mzee Nashoni. Aliyelala zamuni alitozwa mbuzi, na mbuzi huyo aliliwa mbele yake bila yeye kupewa hata utumbo.

Miaka minne iliyopita mwenyekiti wao, Malimi, alimleta Yotamu. Wakafunga kipimo cha kina cha maji kwenye daraja la juu, kilomita nane kutoka kitongojini, chenye redio ndogo ya kutuma namba. Ofisini kwa Malimi wakaweka kompyuta kuukuu inayotumia sola, kadi ya matundu manne ya kupokea namba hizo, na spika mbili kubwa juu ya paa. Namba ikipita sentimita mia na themanini, spika zinalia, na watu wanakuwa na saa mbili za kutoka mashambani. Masika mawili mfululizo mashine ililia, maji yakaja kweli, na hakupotea hata ndama. Mkutano ukafuta zamu ya nguzo. Mzee Nashoni alipinga peke yake, akachekwa.

Wiki tatu zilizopita Yotamu alikwenda kuweka mfumo mpya kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umefikia mwisho wa kuhudumiwa, na alitaka kitu chake kiwe kizuri. Alipomaliza alibonyeza kitufe cha majaribio. Spika zililia, mbwa wakabweka, watu wakapiga makofi. Lakini kitufe kile kilijaribu spika tu. Hakikugusa kadi. Na programu aliiandika mwenyewe, kwa mkono wake: isipopata namba yoyote, inahesabu sifuri. Sifuri ni ndogo kuliko mia na themanini. Kwa hiyo kioo kilikuwa cha kijani, kimetulia, siku ishirini na moja.

Alimpigia mkewe, Esta, Mbeya.

"Huko mvua ipo?"

"Baba Tumpe, usiseme mvua. Tangu saa kumi alfajiri. Milima yote kule Uporoto ni nyeusi, sioni hata mti. Mbona unahema?"

"Inaelekea wapi?"

"Inaelekea huko Chimala, nadhani. Yotamu, kuna nini?"

"Nitakuambia," akasema, akakata. Maji ya milima hiyo ndiyo yanayoshuka Usangu. Akahesabu kwa vidole. Mvua ya alfajiri, daraja la juu saa saba mchana, mashambani saa tisa. Na huu ulikuwa mwezi wa kuamia ndege. Mpunga ulikuwa umeanza kubeba, na wanawake na wazee walikuwa kutwa nzima juu ya madungu, vichanja virefu vya miti katikati ya mashamba, wakipiga makopo kufukuza kwelea.

Akampigia Zabron, mfanyabiashara wa mpunga wa Ubaruku, mtu pekee aliyemfahamu mwenye pikipiki na simu ya uhakika karibu na Mwabusolo.

"Zabron, nenda Mwabusolo. Waambie watoke mashambani, maji yanakuja."

"Maji gani, fundi? Huku jua linawaka mpaka kuku wanakimbilia kivulini."

"Mvua iko milimani."

"Sasa mashine yako si ipo? Ikilia watasikia. Hata mimi upepo ukiwa mzuri huwa naisikia huku."

Yotamu alitaka kumwambia kwamba mashine haifanyi kazi, akaona aibu. Miaka minne alikuwa akiisifia kwa mtu huyuhuyu.

"Nenda tu," akasema. "Nakuomba."

"Nina lori linapakia hapa. Wakimaliza nitakwenda."

Ni sentensi moja tu aliyoshindwa kuisema. Alipopata nguvu na kupiga tena, Zabron alikuwa ameiacha simu kwenye chaji.

Lori lililompakia pale Ipogolo lilikuwa la Jailos, dereva Mbena aliyekuwa akipeleka Mbeya marobota ya karatasi kutoka Mgololo. Alikuwa amepita Iringa kuchukua tairi. Jailos alikuwa mtu wa maneno mengi na mguu mwepesi.

"Mnyalukolo, kanyaga kidogo," Yotamu alimwambia, akimwita kwa utani wa kabila lake, walipopita Ifunda.

"Nikanyage niue mtu? Nyie Wanyakyusa mkikosa ndizi siku moja mnataka kufika kwenu kwa kuruka." Akamtazama vizuri. "Una msiba?"

"Bado."

"Bado?"

Yotamu akamweleza. Alieleza vibaya, akirukia kadi na kurudi kwa maji, lakini Jailos alielewa. Kwa kilomita nyingi hakutania tena. Aliendesha akiwa amekunja uso, na kila baada ya muda aliuliza swali moja.

"Sasa hao waliotoa hicho kidude, hawakuuliza?"

"Waliuliza."

"Wewe ukasemaje?"

"Sikusema kitu."

Jailos akabadilisha gia. "Loo," akasema. Hilo lilimuuma Yotamu kuliko tusi.

Mafinga walifika saa sita kasoro robo. Akapiga kwa Malimi, haipatikani. Makambako saa saba na nusu, kwenye mizani, mbele yao palikuwa na malori kumi na saba. Yotamu alishuka akaenda na kurudi kando ya foleni kama mtu aliyepotelewa na mtoto. Alimsogelea karani mmoja akamwambia kuna watu watazama. Karani akamwangalia kwa huruma, akamwambia kila mtu hapa ana dharura, mzee. Walitoka mizani saa nane na robo. Kwa wakati huo namba kule darajani ilikuwa imeshapita mia na themanini. Redio ndogo ilikuwa ikiituma kila dakika kumi kwa uaminifu wake wote, na namba ilikuwa ikifika kwenye waya, ikifika kwenye kadi nzima isiyo na kasoro, na hapo hapakuwa na wa kuipokea.

Walipoteremka kuelekea Igawa bonde likafunguka mbele yao, na lilikuwa limejaa jua. Hakuna wingu hata moja juu ya Usangu. Yotamu alitamani lingekuwepo. Mtu akiona wingu hutazama mto.

Jailos alimshusha njia panda ya Rujewa. "Nenda, ndugu yangu," akasema. "Hata usinilipe."

Zabron alimkuta Yotamu akishuka kwenye bodaboda pale Ubaruku, saa kumi kasoro robo. Lori lake la mpunga lilikuwa ndiyo kwanza linafungwa turubai.

"Fundi, ndiyo nilikuwa najiandaa…"

"Mashine imekufa, Zabron. Nimeiua mimi, wiki tatu zilizopita. Haiwezi kulia."

Zabron alisimama na kamba mkononi. Kisha akaitupa kamba, akapiga kiki pikipiki yake. Yotamu akapanda nyuma. Barabara ilikuwa kavu, vumbi linafuka nyuma yao, na ukavu huo ndio uliomtisha Yotamu zaidi, kwa sababu kila mita waliyokwenda ilimwambia kwamba hakuna kitu, amejitia hofu bure, na hakuthubutu kuuamini.

Kisha akasikia sauti. Haikuwa kelele. Ilikuwa kama watu wengi wananong'ona kanisani. Zabron akazima injini, na sauti ikabaki.

Maji yalikuwa yamesimama kwenye barabara mbele yao, ya rangi ya chai ya maziwa, yakisogea taratibu na kubeba mabua, ndoo ya plastiki, na ng'ombe mmoja aliyelala ubavu kama amesinzia. Ng'ambo, mita mia tatu hivi, paa la ofisi ya Malimi lilionekana, na spika mbili juu yake, kavu, zimetazama anga.

Watu walikuwa kwenye kilima cha shule. Yotamu na Zabron walifika huko kwa kuzunguka, saa moja nzima ndani ya maji ya kiunoni. Malimi alikuwa amekaa chini bila shati. Mzee Nashoni alikuwa amelazwa kwenye turubai, mguu wake wa kulia umefungwa kwa kanga na vipande vya ubao, na pembeni yake palikuwa na debe lililobonyea.

"Fundi," alisema Malimi. "Umefika." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu.

"Wote wapo?"

"Mzee huyu hakuacha kwenda kwenye nguzo yake. Miaka yote minne, kila masika, kimyakimya, sisi hatujui. Leo ameona maji yanapita alama ya sita. Akachukua debe akapita mashambani analipiga."

"Basi wakatoka."

"Wengine walitoka." Malimi alifuta uso. "Wengine wakamwambia, mzee Nashoni, kaa kivulini, mashine haijalia. Walicheka, fundi. Hata mimi nilikwenda kwanza ofisini kutazama kioo. Kijani. Nikarudi nikawaambia watu, kijani. Nilisema kwa mdomo huu."

Yotamu alitazama huku na huku. Alikuwa akimtafuta mama yake Malimi, bibi Mbuke, ambaye wote walimwita Mayu, mama kwa Kisukuma; ndiye aliyemshika yule jogoo miguu wiki tatu zilizopita na kumwambia, fundi, kula ushibe, wewe ndiye unatulinda.

"Mayu yuko wapi?"

Nashoni ndiye aliyejibu, akiwa amefumba macho.

"Nilifika chini ya dungu lake. Nikamwita mara tatu. Akaniambia, wewe Nashoni una wivu na mashine ya watoto. Nikapanda nimshushe, dungu likachukuliwa na maji, sisi tukiwa juu yake. Mimi nilishika mti."

Hapo Yotamu akasema. Alisema yote, amesimama, mbele ya watu wale walioloana: kadi, swali, mwezi wa tisa, chai, aibu yake, sifuri, kitufe. Wengi hawakuelewa mambo ya kompyuta. Walielewa kwamba aliulizwa akanyamaza. Mwanamke mmoja alianza kulia upya. Hakuna aliyemgusa.

"Ulikuwa unaogopa kuchekwa," akasema Malimi.

"Ndiyo."

"Na sisi tulimcheka Nashoni."



Wiki iliyofuata, mchana, kibandani Mwanjelwa, Yotamu alifungua ile barua ya mwezi wa tisa ambayo haikujibiwa na mtu, akaandika chini yake kwa Kiswahili. Hakutafuta kamusi, hakufuta. Aliandika hivi:

Mliuliza kama yupo mtu anatumia kadi hii. Yupo. Ni mimi, Yotamu, fundi, Mbeya. Nilikuwa nazo tano na sikujibu kwa sababu niliona aibu ya Kiingereza changu. Kosa la kuhesabu sifuri ni la kwangu, si lenu. Naomba mrudishe kile kipande. Nitakijaribu mimi kila mtakapotoa toleo, na nikikawia kujibu mniulize tena. Ili mjue ninachokisema, hii ndiyo hesabu ya Mwabusolo.

Bibi Mbuke, miaka sabini na mbili. Alizama; alipatikana siku ya pili.

Mguu wa mzee Nashoni, ulikatwa chini ya goti.

Ng'ombe mia moja arobaini na watatu. Mbuzi hawakuhesabiwa.

Nyumba kumi na tisa.

Mpunga ekari mia mbili na kumi, ulikuwa umebakiza wiki tatu uvunwe.

Kadi moja. Niliitoa kwenye tope siku ya nne, nikaiosha, nikaianika, nikaijaribu kwa toleo la zamani. Inafanya kazi.